‘Haliumi, litaisha tu’: Kauli inayochelewesha wengi kugundua saratani ya matiti

NI donge dogo tu, pengine kama punje ya mahindi. Unaoga, mkono unapita kwenye titi, unalihisi. Unalibonyeza. Haliumi. Unamaliza kuoga, unavaa, unaenda zako kazini au chuoni. Usiku unaingia Google, unasoma mistari miwili, moyo unaanza kwenda mbio, unafunga simu. Kesho yake unamdokezea beshte yako naye anakujibu: “Kwani una miaka mingapi? Hizo ni homoni. Kama haliumi, litaisha tu.”

Huenda beshte huyo amebahatisha ukweli. Kwa mabinti walio katika miaka ya ishirini, madonge mengi ya matiti si saratani. Ila sababu aliyoitoa ndiyo mbovu. Saratani ya matiti inapoanza, mara nyingi haina maumivu yoyote. Unakula vizuri, unalala vizuri, unaenda gym, huku donge linaendelea kukua polepole. Wengi husubiri liume ndipo watafute daktari, na likianza kuuma au kutoa kidonda huwa limekwisha kuvuka mipaka ya titi.

Hapo ndipo Kenya inapoteza kina mama na dada zetu. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa wanawake wapatao 6,800 nchini waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti mwaka huo, na zaidi ya 3,100 wakafariki kutokana nayo. Ndiyo saratani inayogunduliwa zaidi nchini. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema wanawake milioni 2.3 waligunduliwa nayo mwaka 2022 na takriban 670,000 wakaaga dunia.

Lakini tazama tofauti hii. Katika mataifa tajiri, zaidi ya wanawake 90 kati ya 100 wanaogunduliwa huwa hai miaka mitano baadaye. Afrika Kusini, kwa takwimu za WHO hiyo hiyo, ni kama 40 tu. Ugonjwa ni ule ule. Kinachotofautiana ni siku mtu aliyoingia hospitalini, kasi ya vipimo na kama alimaliza matibabu. Hayo ni mambo ambayo binadamu anaweza kuyabadilisha, na kijana mwenye simu na miguu ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani.

Kinachotendeka ndani ya titi

Titi lina tezi zinazotengeneza maziwa, vifereji vinavyoyapeleka kwenye chuchu, na mafuta yanayozunguka vyote viwili. Seli za mwili huzaliwa, hufanya kazi na kufa kwa mpangilio. Saratani huanza pale seli, mara nyingi za vile vifereji, zinapopata hitilafu katika maagizo yake na kuanza kuzaana bila breki.

Mwanzoni seli hizo hukaa mahali zilipoanzia. Baadaye hupenya na kuingia kwenye nyama ya titi, kisha kwenye tezi za kwapani. Zikiachwa, husafiri hadi kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Madaktari hugawa safari hii katika hatua nne. Katika hatua ya kwanza na ya pili, lengo la matibabu huwa ni kuumaliza ugonjwa kabisa. Katika hatua ya nne, lengo huwa ni kuudhibiti ili mgonjwa aishi muda mrefu zaidi na bila maumivu. Tofauti kati ya hatua hizo inaweza kuwa ni ile miezi iliyopita mtu akisema “litaisha tu”.

Nani yuko hatarini?

Kigezo kikuu ni kuwa mwanamke, na cha pili ni umri. Kadiri miaka inavyosonga ndivyo uwezekano unavyoongezeka. Lakini usijifariji sana na umri. Katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, wanawake wengi hugunduliwa kabla ya kufikisha miaka 50, tofauti na Ulaya ambako wengi huwa wamevuka 60. Anayeugua hapa kwetu basi mara nyingi ni mama ambaye bado analipa karo, anauza sokoni au anaenda ofisini kila asubuhi.

Kuna urithi pia. Kati ya wagonjwa 100, watano hadi kumi hupata saratani hii kwa sababu ya jeni zenye hitilafu walizorithi, na zinazojulikana zaidi ni BRCA1 na BRCA2. Ndizo zilizozungumziwa sana mwaka 2013 mwigizaji Angelina Jolie alipoandika kuwa amebeba BRCA1 na ameamua kutolewa matiti yote mawili kabla ya kuugua. Mamake alikuwa amefariki akiwa na miaka 56.

Hapa watu wengi hukosea hesabu. Wanauliza kuhusu mama na mama mdogo pekee, wanasahau upande wa baba. Jeni hizi zinaweza kutoka upande wowote. Kama shangazi yako au nyanya mzaa baba aliugua saratani ya matiti au ya ovari akiwa bado kijana, hiyo ni habari ya kumpa daktari wako. Mkikutana kijijini Desemba, uliza. Katika familia nyingi utaambiwa marehemu “aliugua kifua” au “alifanyiwa kitu”, na ukichimba kidogo unakuta ni saratani iliyofichwa kwa aibu.

Mambo mengine yanayoongeza hatari ni kuanza hedhi mapema kabla ya miaka 12, kukoma hedhi baada ya 55, kutozaa au kupata mtoto wa kwanza ukiwa umevuka miaka 30, unene kupita kiasi baada ya kukoma hedhi, kutofanya mazoezi, na pombe. Kuhusu pombe, hata kiasi kidogo huongeza hatari, na inapanda kadiri glasi zinavyoongezeka. Tembe na sindano za kupanga uzazi huongeza hatari kidogo sana wakati unazitumia, na hatari hiyo hupungua ukiacha. Kwa binti mwenye afya si sababu ya kuzitupa kwa hofu, bali ni sababu ya kuzungumza na mhudumu wa afya, hasa kama familia yenu ina historia ya ugonjwa huu. Kunyonyesha nako hupunguza hatari, na kadiri mama anavyonyonyesha kwa muda mrefu ndivyo kinga inavyoongezeka.

Hata hivyo, WHO inasema takriban nusu ya wagonjwa hawana kigezo chochote kati ya hivyo, isipokuwa kwamba ni wanawake waliovuka miaka 40. Kwa hivyo “kwetu hakuna saratani” si kinga.

Wanaume nao?

Ndiyo. Wanaume wana nyama ya titi, ingawa ni kidogo. Kati ya wagonjwa 100, mmoja hivi huwa mwanamume. Oktoba 2019, Mathew Knowles, babake mwanamuziki Beyoncé, alijitokeza hadharani na kusema ana saratani ya matiti. Aliona vidoa vya damu kwenye shati lake, akaenda kupimwa, akakutwa na hitilafu ya BRCA2. Akawaambia wanawe nao wapimwe.

Shida ya mabarobaro ni kwamba hawatarajii. Donge gumu nyuma ya chuchu mtu analiita “misuli ya gym” au anaona haya kumwambia daktari kuwa ana tatizo la titi. Bro, titi ni kiungo kama goti. Likibadilika, peleka.

Uvumi unaotembea kuliko dawa

Umewahi kuambiwa usiweke pesa au simu kwenye sidiria kwa sababu utapata saratani? Hakuna ushahidi wa hilo. Sidiria ya waya, nyeusi au ya kubana haileti saratani, wala deodoranti ya kwapani. Kugongwa titi na mpira au kiwiko kwenye matatu hakusababishi saratani pia, ila kunaweza kumfanya mtu ajishike na kugundua donge ambalo tayari lilikuwepo.

Uvumi hatari zaidi ni ule wa kisu: kwamba saratani ikiguswa na sindano au kisu cha daktari, inasambaa. Huu umefukuza watu wengi hospitalini. Unatokana na jambo wanalolishuhudia watu kwa macho yao: mtu anafika hospitalini akiwa amechelewa, anafanyiwa upasuaji, anafariki baada ya miezi michache, na mtaani wanasema kisu ndicho kilichomuua. Kumbe ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa kabla ya kisu. Kuchukua kipande cha nyama ili kikapimwe ndiyo njia pekee ya kuthibitisha kama donge ni saratani au la.

Halafu kuna mitishamba, maombi ya kulipia na zile video za TikTok za majani yanayoyeyusha madonge. Kuomba si kosa, na mtu ana haki ya kutafuta faraja. Kosa ni kuahirisha hospitali ili kwanza ujaribu majani kwa miezi sita. Saratani haikusubiri.

Ujue mwili wako

Zamani wanawake walifundishwa kujipima kila mwezi kwa hatua maalumu, kama gwaride. Utafiti mkubwa uliofanyiwa wanawake zaidi ya 260,000 waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vya nguo mjini Shanghai, China, ulionyesha mwaka 2002 kuwa mafunzo hayo peke yake hayakupunguza vifo. Ndiyo maana wataalamu wengi siku hizi husisitiza jambo rahisi zaidi: yajue matiti yako yalivyo kawaida, ili yakibadilika utambue mara moja, na ukitambua uende ukapimwe.

Wakati mzuri ni siku chache baada ya hedhi kuisha, kwa kuwa kabla ya hedhi matiti mengi huvimba na kuwa na vijidonge vya muda. Simama mbele ya kioo, inua mikono, tazama. Kisha ukiwa unaoga, pitisha vidole vitatu vya kati titi zima hadi kwapani. Mambo ya kukupeleka kliniki ni haya:

• Donge gumu kwenye titi au kwapani ambalo bado lipo baada ya hedhi inayofuata.
• Titi moja kubadilika umbo au ukubwa kwa njia isiyo ya kawaida yako.
• Ngozi kubonyea ndani, au kuwa na vitobo kama ganda la chungwa.
• Chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani.
• Chuchu kutoa damu au majimaji ilhali hunyonyeshi.
• Vipele au kidonda cha chuchu kisichopona.
• Titi kuwa jekundu, la moto na kuvimba, na kutopona hata baada ya dawa.

Hiyo ya mwisho huwapata hata wanaonyonyesha, na huchanganywa na jipu. Ukipewa dawa za kuua viini na hakuna nafuu, rudi. Usikubali kuambiwa “wewe bado mdogo” halafu ukafunga mjadala. Umri wako unapunguza uwezekano, lakini hauufuti.

Ukifika hospitalini

Vipimo ni vitatu, na vinafuatana. Kwanza mhudumu hukagua matiti na kwapa kwa mikono na kukuuliza historia ya familia. Pili ni picha. Kwa walio chini ya miaka 40 mara nyingi huanza na ultrasaundi, kwa sababu matiti ya kijana yana nyama nzito inayofanya eksirei ya matiti, yaani mamogramu, isione vizuri. Mamogramu hupendekezwa zaidi kuanzia miaka 40, hata kwa mwanamke asiye na dalili yoyote. Kama mamako amefika umri huo na hajawahi kupimwa, hilo ni jambo la kumuuliza wikendi hii.

Tatu ni sampuli, yaani bayopsi. Unadungwa dawa ya ganzi kisha sindano maalumu inachukua vipande vidogo vya nyama vinavyopelekwa maabara. Kwa binti wa miaka 22, jibu linalopatikana sana ni uvimbe unaoitwa fibroadenoma: laini kiasi, unateleza ukibonyezwa, na si saratani. Utaenda nyumbani na karatasi inayosema hivyo, na hiyo karatasi ina thamani kuliko maneno ya beshte.

Ikiwa ni saratani, maabara huendelea kuchunguza ni ya aina gani. Je, inalishwa na homoni za estrojeni na projesteroni? Je, ina protini nyingi ya HER2? Au haina lolote kati ya hayo matatu? Aina hiyo ya mwisho hupatikana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika na kwa vijana, na hukua haraka. Majibu haya ndiyo yanayoamua dawa. Kwa hivyo ukiona jirani anameza tembe na wewe umeandikiwa dripu, si kwamba daktari amekupendelea au amekuonea. Saratani zenu si moja.

Mwaka 2021, WHO ilianzisha mpango wenye malengo matatu: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe wakiwa hatua ya kwanza au ya pili, vipimo vikamilike ndani ya siku 60 tangu mtu afike hospitalini, na asilimia 80 wamalize matibabu. Kumbuka zile siku 60. Ukiona umezungushwa kutoka dirisha moja hadi jingine miezi miwili imepita, una haki ya kuuliza maswali kwa sauti.

Matibabu yakoje?

Upasuaji ndio unaotisha wengi, kwa sababu wanaamini lazima titi lote liondoke. Si lazima. Donge likigunduliwa dogo, daktari anaweza kuliondoa pamoja na nyama kidogo inayolizunguka, kisha mgonjwa anapata tiba ya mionzi. Kuchelewa ndiko kunakopunguza nafasi hiyo.

Kemo ni dawa zinazoshambulia seli zinazozaana haraka, ndiyo maana nywele hukatika na tumbo huchafuka. Nywele hurudi. Nayo mionzi hulenga mahali donge lilipokuwa ili kuua mabaki. Kwa saratani inayolishwa na homoni kuna tembe kama tamoxifen, inayomezwa kila siku kwa miaka mitano hadi kumi. Si dawa ya kuacha kwa sababu “najisikia poa”.

Kwa saratani yenye HER2 kuna trastuzumab, inayojulikana zaidi kama Herceptin, ambayo kwa kawaida hutolewa kila baada ya wiki tatu kwa takriban mwaka mmoja. Ilikuwa dawa ya wenye doh tu. Mwaka 2025 serikali ilitangaza makubaliano na kampuni ya Roche ya kushusha gharama ya dozi moja kutoka takriban Sh120,000 hadi Sh40,000, zilipwe na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA.

Jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi: baadhi ya dawa za kemo zinaweza kuathiri uwezo wa kupata watoto. Kama unatamani kuzaa siku moja, liseme kabla ya dripu ya kwanza. Kuna njia za kujaribu kuulinda uwezo huo, ila nyingi zinahitaji mpango wa mapema.

Pesa na mahali pa kwenda

Tangu Oktoba 2024, SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na inalipia matibabu ya saratani hadi kiwango fulani kwa mwaka kwa familia. Kiwango hicho hubadilishwa, kwa hivyo uliza dawati la SHA hospitalini kabla ya kuanza. Hakikisha umejisajili na unalipa mchango wako ukiwa bado mzima, na uwasajili wazazi walioko mashambani. Kijana mwenye simu anaweza kufanya hivyo kwa dakika chache kupitia *147#.

Si lazima kila mtu aje Nairobi. Mbali na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kuna Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na vituo vya saratani Nakuru, Mombasa na Garissa. Kuanza, hata hivyo, huhitaji kufika huko. Kliniki iliyo karibu inaweza kukukagua kwa mikono na kukupa barua ya rufaa.

Kazi ya kijana nyumbani

Wengi wetu hatutaugua saratani tukiwa na miaka 23. Lakini wengi wetu tuna mama, shangazi au dada mkubwa ambaye atahisi donge na kulinyamazia, kwa sababu hataki kuwasumbua watoto na kuna karo ya mdogo wenu ya kulipwa kwanza. Mama kama huyo hatakwambia, “Nina donge kwenye titi.” Atasema, “Hapa kwapani kunanisumbua kidogo, lakini si kitu.” Ukisikia hivyo, usiseme pole tu. Panga siku, tafuta nauli, nenda naye.

Na akigunduliwa kuwa mgonjwa, mtu wa kuandamana naye ni tiba pia. Kaa naye kwenye foleni, andika anachosema daktari, weka karatasi zote kwenye bahasha moja, mkumbushe tarehe ya kemo inayofuata. Wagonjwa wengi huacha matibabu katikati kwa sababu ya nauli, uchovu au kukosa mtu wa kuwaachia watoto, na hayo mara nyingi familia inaweza kuyapanga.

Kwa wanaume: mkeo au mpenzi wako akiondolewa titi, usimfanye ahisi amepunguzwa. Wapo waliofungashiwa virago wakiwa bado na bandeji kifuani, na wengine huficha donge kwa kuogopa hilo tu. Ukimwambia mapema kwamba utakuwa naye, huenda akaenda kupimwa mapema.

Kwa hivyo, ukirudi kwa lile swali la beshte, “Kwani una miaka mingapi?”, jibu ni kwamba una miaka ya kutosha kwenda kliniki. Kama donge bado lipo baada ya hedhi ijayo, nenda. Likikutwa si kitu, umepoteza asubuhi moja. Likikutwa ni kitu, umewahi.